Pole ya Pili

"Wewe ni mgeni au mwenyeji?"

Usiku wa jana niliota nimeulizwa swali hilo na ubao. Ulikuwa ubao wa kawaida wa rangi ya buluu, uliosimama kwa miguu miwili ya mbao mahali ambapo gati linaishia na mji wa Ukungwi unaanza.

Niliueleza ubao kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kujieleza. Mama yangu alizaliwa Ukungwi, mimi nilizaliwa bara. Nilipelekwa kule likizo mbili za utotoni, na ninachokumbuka ni harufu ya asumini na kuta za chokaa zilizokuwa zikinichafua mabega. Bibi yangu, Bi Somoe, mama yake mama, bado anaishi kule, na tangu baada ya sikukuu amelala kitandani. Mama mdogo Biubwa, ambaye anamuuguza, hunipigia simu na kuniambia, "Bibi yako anakuulizia." Nami humjibu kwamba nitakuja mwezi ujao pamoja na wenzangu wa idara katika ziara ya utafiti, nikishawasilisha andiko langu. Andiko hilo linahusu utulivu wa mji wa Ukungwi kama rasilimali ya utalii wa utamaduni. Ninaliamini kwa moyo wangu wote. Linawasilishwa kesho asubuhi, nilimalizia.

Ubao ulinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuuliza jambo moja tu," ulisema.

"Sijui," nilijibu. "Nimeshafika, lakini?"

"Hujafika."

"Mbona umeandikwa KARIBU?"

"Ndiyo. Uko karibu. Sikuandikwa UMEFIKA."

Nilisoma maandishi yake upya. KARIBU UKUNGWI, MJI WA POLEPOLE. Ubao uliinama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo la faragha.

"Pole," ulisema.

"Pole ya nini?"

"Ya safari. Hiyo ni ya kwanza. Mji huu ni wa pole-pole, kila mtu ana zake mbili. Ya kwanza hutolewa ukifika. Ya pili hutolewa ukichelewa."

"Nikichelewa wapi?"

"Kila mtu na pake," ulisema ubao, ukanyooka na kurudi kuwa mbao.

Pembeni kuna punda. Amesimama tayari, mgongo umeinama kabla hata ya kuwekewa kitu. Mkoba wangu umeshapanda mgongoni mwake na sijui nani ameupandisha.

"Kuna nini humu?" punda ananiuliza tukiwa tunatembea.

"Andiko langu. Sura ya kwanza, ya pili na ya tatu."

"Ya tatu ndiyo nzito."

"Ya tatu ni mbinu za utafiti."

"Nilihisi."

Nikamwambia kwamba, kama amechoka, naweza kuubeba mwenyewe. Punda akasimama akanitazama kwa huruma. Alinifahamisha kwamba Ukungwi methali ni sheria ndogo, zimepitishwa zamani na haziwezi kutenguliwa na mtu mmoja mwenye roho nzuri. Afe punda, mzigo ufike. Ndivyo ilivyoandikwa. Mzigo utafika na yeye atakufa, na hakuna haja ya kulifanya jambo hilo kuwa gumu kuliko lilivyo.

"Lakini hiyo ni lugha ya picha," nilisema.

"Kwako wewe," alisema punda.

Tunaingia mjini. Kichochoro ni chembamba, na kila nyumba ina baraza la chokaa mbele ya mlango. Juu ya kila baraza amelala mtu. Wengine wamelala chali, wengine ubavu, mikono imening'inia, macho nusu wazi. Hakuna anayezungumza. Hata paka wamelala. Katikati ya kichochoro wageni wanapita kwa ncha za vidole ili wasiwaamshe watu, wakipiga picha.

"Tazama wanavyojua kujipumzisha!" anasema mama mmoja mwenye kofia pana, kwa lafudhi ya kwetu bara. "Sisi tumepotea, jamani. Maisha ndiyo haya."

Niliifurahia sana kauli hiyo. Ilikuwa inathibitisha dhana yangu kuu, na nikaanza kutafuta namna ya kuinukuu.

"Hatupumziki," ilisema sauti kutoka barazani. "Tunaumwa."

Aliyesema alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, iliyomfunika nusu ya uso. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Mbarouk, jirani wa Bi Somoe, nyumba ya tatu kutoka pale. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Mji mzima unaumwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si unaijua? Basi tunamngoja mgeni."

"Lakini wageni wamejaa, Bwana Mbarouk. Hawa hapa."

"Tulidhani hivyo hata sisi. Wanakuja, wanatupiga picha, wanakwenda zao, na mimi goti langu liko vile vile. Tukapeleka malalamiko. Tukajibiwa kwamba hawa ni watalii. Mgeni ni yule anayekuuliza u hali gani, kisha akakaa kusubiri jibu."

Nikaona aibu kumpita. Nilikaa kando yake, nikamuuliza, "U hali gani, Bwana Mbarouk?"

Akanijibu. Alianza na goti, akaja kwenye mwanawe wa kwanza ambaye hapigi simu, akapita kwenye paa linalovuja juu ya kitanda chake tu na si kwingine, akarudi kwenye goti. Jua lilisogea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Sikumkatiza. Alipomaliza, alivuta mguu wake akautazama.

"Kidole gumba kimepona," alisema. "Ahsante, mwanangu. Vimebaki hivi vingine, na goti."

Mabaraza yote yaliinua vichwa. Wote walikuwa wamesikia. Kichochoro kizima kilinitazama kwa macho ambayo mgonjwa humtazamia mganga, na nyumba ya bibi yangu ilikuwa bado mbele.

"Hamjambo nyote!" nilisema kwa sauti kubwa, nikiinuka.

Hakuna kilichotokea.

"Ya jumla haiponyi," alisema Bwana Mbarouk kwa upole. "Wewe nenda kwa bibi yako. Sisi tumezoea."

Siku ya kwanza ikapita. Nasema ilipita kwa sababu niliiona: mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili, mwavuli mkononi, akatupita bila haraka na kuniambia nimsalimie Biubwa. Nyuma yake kidogo ikapita siku ya pili, mfupi, kapu lake tupu, akitembea upesi kuliko mwenzake. Nikamuuliza kama ya tatu iko mbali.

"Ya tatu haipiti," alisema. "Ya tatu hukaa."

Tukafika. Punda aliushusha mkoba taratibu mbele ya mlango wa bibi, akauweka wima ili kurasa zisikunjike. Kisha akalala kando ya ukuta, akafumba jicho moja, halafu la pili, akafa. Nilitafuta neno la kusema, nikagundua kwamba neno pekee linalofaa lilikuwa lile ambalo katika mji ule halisemwi ovyo. Chokaa ya ukuta ilimwangukia mgongoni kidogo kidogo.

Mlango wa bibi ni uleule wa utotoni, wa mbao nyeusi, kitasa chake kimelegea. Kando yake limeegemea jembe.

"Hodi!" naita.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Usipige ya tatu," linasema jembe. "Ya tatu isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka. Ndiyo sheria."

"Sasa nifanyeje?"

"Mgeni hupiga hodi. Mwenyeji husukuma mlango. Hilo nadhani ulishaulizwa pale gatini."

"Siwezi kuingia nyumba ya mtu bila ridhaa. Kuna kanuni za maadili ya utafiti."

Jembe halikucheka. Majembe hayacheki. Lilisema tu kwamba limetumwa pale kwa mujibu wa sheria: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili zimepita, nimeziona kwa macho yangu, na lenyewe ndilo jembe.

"Nikupokee nikalime nini?"

"Mimi sichagui," lilisema. "Nachimba ardhi. Naweza kuchimba shamba, naweza kuchimba kaburi. Kwangu ni udongo uleule. Inategemea aliyenishika amefika lini."

Nikasukuma mlango wa bibi, nikaingia kwenye chumba cha semina.

Viti vimepangwa. Feni inazunguka. Msimamizi wangu amekaa mbele na kikombe cha chai, na wajumbe wawili wa jopo wamekaa kushoto na kulia kwake. Katikati, mahali pa mashine ya kuonyeshea picha ukutani, kipo kitanda cha bibi cha samadari, na bibi yumo, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Ni mdogo kuliko nilivyomwacha. Mto umembakia mkubwa.

"Karibu, Raya," alisema msimamizi. "Tuonyeshe huo utulivu."

"Samahani, Daktari, huyu ni bibi yangu. Anaumwa."

Wajumbe waliinama mbele wakamchunguza.

"Amelala kwa utulivu mkubwa," alisema mmoja. "Ni sampuli nzuri sana."

"Sampuli babaako," alisema bibi bila kufumbua macho.

Mjumbe aliandika *babaako* akauliza kama ni neno moja au mawili.

"Nani kaingia bila hodi?" aliuliza bibi.

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa utani wa babu, kwamba sote wawili ni wake zake. "Nilijua ni wewe. Umekuja na nani?"

"Na punda, bibi. Amekufa."

"Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Basi," alisema bibi.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Nilijua sasa la kufanya. Nilikuwa nimejifunza barazani kwa Bwana Mbarouk, na nilijisikia, naomba nikiri, fahari kidogo ya mwanafunzi aliyesoma kabla ya mtihani. Nilimuuliza, "U hali gani, bibi?" nikatulia kusubiri jibu lote, hata kama litachukua mwaka.

Bibi akavuta pumzi.

"Raya," akasema msimamizi, "muda wako unakwisha."

Niligeuza kichwa. Niligeuza kichwa mara moja tu, kuomba niongezewe muda, na nilikubaliwa. Nilipomrudia bibi alikuwa anafunga mdomo.

"Umesemaje, bibi?"

"Nimeshasema."

"Sikusikia. Nilikuwa nawaambia hawa kwamba nataka kukusikiliza."

"Nimekuona ukiwaambia."

Feni ilizunguka. Ukutani palitokea doa la maji, likashuka polepole, na kila liliposhuka chumba kilizidi kuwa na chokaa na kupungua viti. Nilishika shuka la bibi kwa mikono miwili.

"Bibi, niseme mimi ni mgeni. Niandikwe hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni mimi, nimekuja. Pona."

Alifumbua macho. Yalikuwa yaleyale yaliyokuwa yakinihesabia visa vyangu nikiwa na miaka saba.

"Haya, wewe mgeni. Nitapona. Nitaamka nikupikie wali wa nazi na samaki wa kupaka, utakula, utasifu, utapiga picha, utaondoka. Ukishavuka tu nitalala tena. Mke mwenzangu, mimi nimeshapona kwa ajili ya wageni mpaka nimechoka. Kupona kwenyewe ni kazi."

"Basi niwe mwenyeji."

"Mwenyeji hana haja ya kuniambia. Mwenyeji ana jembe."

Naligeukia jembe. Limeingia lenyewe, limeegemea ubao wa kuandikia. Nalishika. Mpini ni baridi na umekwaruzika. Sijawahi kushika jembe maishani mwangu isipokuwa katika tamrini ya kulima shuleni. Nainua, napiga sakafu. Vigae vinapasuka kama ganda la yai na chini yake ni uwanja wa nyuma wa bibi, mchanga mweusi, na miti mikavu ya muhogo wa mwaka uliopita. Hakuna aliyeulima msimu huu. Wajumbe wanainua miguu yao nisiwachafue.

Nalima. Nataka kuinua tuta. Napiga na kuvuta, napiga na kuvuta, na udongo unapanda upande wa kushoto kama inavyotakiwa. Viganja vinawaka. Bibi anahesabu mapigo kwa kunong'ona, na sauti yake inazidi kuwa mbali ingawa kitanda hakijasogea.

"Naendelea vizuri?" naliuliza jembe.

"Udongo unatoka," linasema.

"Hili ni tuta?"

"Bado mapema."

Nikatazama. Upande wa kushoto udongo ulikuwa umepanda, lakini nilipokuwa nimesimama palikuwa pamekwenda chini, na urefu wake haukuwa wa muhogo. Nilikuwa ndani hadi magotini.

"Mbona ni refu hivi?"

"Tuta lina shimo lake na shimo lina tuta lake," lilisema jembe. "Mwanzoni yanafanana sana. Hata sisi tulio kwenye fani hutambua mwishoni."

"Niache basi? Nikiacha itakuwaje?"

"Ukiacha atakuja mwingine kumalizia. Mwingine akimalizia, mara nyingi siyo muhogo."

Nikaendelea. Nililima huku nikilia, bila kuinua macho, kwa sababu niliogopa kuona kama kitanda bado kina mtu. Kunong'ona kulikuwa kumekoma. Nilimwita bibi nikasikia jibu la mbao: ko, ko, ko, mtu anakuja kwa miguu miwili mikavu kwenye kichochoro, bila haraka, akipita baraza baada ya baraza. Mlango ulifunguka bila hodi. Ubao wa gatini uliingia kwa ubavu ili usikwame, ukaja hadi kwenye ukingo wa shimo langu, ukainama kama mtu anayetaka kusema jambo la faragha.

"Bado!" nilipiga kelele. "Sijachelewa! Nalima!"

Ubao ulifungua mdomo.

"Po—"

"Raya! Raya, amka!"

Alikuwa Kokushubila, mwenzangu wa chumba, ameshika bega langu. Kulikuwa kumepambazuka. Dirisha la hosteli lilikuwa wazi, na gauni nililolipiga pasi kwa ajili ya uwasilishaji lilikuwa linaning'inia mlangoni.

"Umelia mpaka umeniamsha," alisema Koku. "Unaota nini, mtu wangu? Pole."

Nikahesabu upya, maana ile ya ubao ilibaki ndotoni. Hiyo ilikuwa moja.

Kwenye kitanda cha juu Eliwaza, mwenzetu wa tatu, alichungulia akiwa bado na usingizi usoni. Ni msichana mwenye moyo wa huruma. Hapiti kwenye msiba wa mtu asiyemjua bila kuingia. Nilimwona anavuta pumzi, nikaona midomo yake inakutana kutengeneza ile herufi ya kwanza. Niliruka nikapanda ngazi ya kitanda nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme. Eliwaza, nakuomba kwa Mungu, usiseme."

"Huyu kapandisha mashetani," alisema Koku. "Andiko limemwingia kichwani."

Eliwaza aliutoa mkono wangu taratibu mdomoni mwake. Hakusema lile neno. Aliugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha, akautazama, akaugusa kwa kidole nikaruka kwa maumivu.

"Raya, umefanya kazi gani wewe?" aliuliza. "Una malengelenge."

Yalikuwa manne, chini ya vidole, mahali ambapo mpini hukaa. Moja lilikuwa limepasuka, na kwenye ngozi iliyopasuka kulikuwa na mchanga mweusi.

Koku alichukua mkono wa pili akakuta vivyo hivyo. Walitazamana. Jana mchana kutwa nilikuwa nao, nikisoma slaidi zangu mbele ya kioo. Walijua kwamba kitu kizito kuliko vyote nilichoshika kilikuwa kikombe.

Nilishuka, nikavua kanga ya kulalia, nikavaa gauni la kila siku. Nilichukua mkoba, nikatoa sura ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikaziweka juu ya meza. Mkoba ukawa mwepesi kiasi cha kunitia aibu. Niliweka ndani nguo mbili na viatu vya kufunga.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Koku. "Jopo linakaa saa tatu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Ukungwi. Bibi anaumwa."

"Si mnakwenda mwezi ujao? Na idara?"

"Waende. Mimi nakwenda leo."

"Na Daktari tumwambie nini?" aliuliza Eliwaza, amekaa kitandani juu, mikono yote miwili ikiwa imefunika mdomo kwa tahadhari. "Tumwambie umekwenda kukusanya data?"

Niliufunga mkoba. Zipu iliniumiza kiganja, nikaiacha iniumize.

"Mwambieni siwasilishi leo, na safari ya mwezi ujao sitakuwamo," nilisema. "Mwambieni Raya amekwenda kwao, kulima."